Walter Rodney: Mwalimu wa Mlimani aliyenyimwa kazi na chuo kikuu cha nchi yake

MWAKA 1974, baada ya kufundisha Dar es Salaam kwa vipindi viwili tofauti, mwanahistoria Walter Rodney alifunga virago na kurejea Guyana, nchi aliyozaliwa. Alikwishaomba kazi katika Chuo Kikuu cha Guyana, na wanataaluma waliopima maombi hayo walimpitisha kuwa profesa na mkuu wa Idara ya Historia.

Kazi hiyo hakuipata. Baraza la chuo, ambalo serikali ya Forbes Burnham ilikuwa na sauti kubwa ndani yake, lilitengua uamuzi wa wanataaluma. Mtu ambaye kitabu chake kilikuwa kikipita mkono kwa mkono Afrika na Karibiani akajikuta hana darasa katika chuo kikuu cha taifa lake.

Kifo chake cha bomu, miaka sita baadaye, kimesimuliwa mara nyingi. Kisichosimuliwa sana ni namna maisha yake yalivyokatiza kati ya vyuo vikuu viwili vya taifa, kimoja Dar es Salaam na kingine Georgetown. Vyote vilikuwa vichanga, vyote viliishi kwa fedha za serikali, na vyote vilitakiwa kuzitumikia serikali zilizojitangaza kuwa za kijamaa. Kimoja kilimvumilia, tena si bila kumkaripia. Kingine kilimfungia mlango.

Walter Anthony Rodney alizaliwa Georgetown Machi 23, 1942, wakati Guyana ikiwa bado koloni la Uingereza. Baba yake alikuwa fundi cherehani na mama yake naye alishona nguo. Siasa aliikuta nyumbani. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 11 tu, alizunguka mitaani akigawa karatasi za kampeni za chama cha PPP, kilichoshinda uchaguzi wa mwaka huo kabla ya Waingereza kuisimamisha katiba na kuiondoa serikali hiyo madarakani.

Kwa akili zake darasani alipata nafasi katika shule ya Queen's College, iliyokuwa shule ya wavulana yenye sifa kuliko zote nchini humo. Mwaka 1960 alikwenda Mona, Jamaica, kwenye chuo kikuu cha visiwa vya Karibiani, ambako alihitimu historia kwa daraja la kwanza mwaka 1963. Kutoka hapo alivuka bahari hadi London.

Shahada yake ya uzamivu, aliyoipata mwaka 1966 akiwa na miaka 24, ilihusu historia ya pwani ya Guinea ya Juu, huko Afrika Magharibi, na jinsi biashara ya watumwa ilivyoibadilisha jamii ya eneo hilo. Ili aandike hayo ilimlazimu kujifunza Kireno na Kihispania, kwani nyaraka za wafanyabiashara hao zilikuwa zimehifadhiwa Lisbon na Seville. Hilo ni jambo la kukumbukwa na wale wanaomdhania kuwa mwanaharakati aliyepita chuoni kwa bahati. Kwanza alikuwa mtafiti, na wakosoaji wake wakali hawakuweza kumnyang'anya sifa hiyo.

Mwaka huohuo wa 1966 alifika Dar es Salaam akiwa na mkewe Patricia.

Chuo alichokikuta Mlimani kilikuwa na umri wa miaka mitano tu. Kilifunguliwa Oktoba 25, 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Wakati huo kilikuwa na kitivo kimoja, cha sheria, na wanafunzi wake hawakufika 20. Shahada zilitolewa na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na vyuo vya Makerere na Nairobi, na mwaka uliofuata kikahamia kwenye majengo mapya ya Mlimani.

Nchi ilikitegemea kwa kila kitu. Mahakimu, walimu wa sekondari, maofisa wa wizara na mabalozi wa kesho walitazamiwa watoke hapo, na mlipakodi aliyegharamia masomo yao alikuwa mkulima wa pamba, kahawa na mkonge. Hesabu hiyo Mwalimu Julius Nyerere hakuchoka kuwakumbusha wanafunzi.

Oktoba 22, 1966 hesabu hiyo ilileta mgongano. Wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa kuwalazimisha wahitimu kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa huku wakikatwa sehemu kubwa ya mishahara yao. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawatimua zaidi ya 300 siku hiyohiyo. Papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Madarasa ya Mlimani yakapwaya.

Miezi mitatu na nusu baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha. Machi mwaka huo uliitishwa mkutano wa kujadili chuo hicho kifanye nini katika nchi iliyoamua kujenga ujamaa. Wahadhiri kadhaa wa mrengo wa kushoto, Rodney akiwemo, walitaka mitaala ifumuliwe na mwanafunzi wa sheria au wa sayansi asihitimu bila kusoma jinsi jamii inavyoendeshwa na nani anafaidika. Hawakupata yote waliyoyataka. Hata hivyo, kozi ya pamoja ya masomo ya maendeleo, ambayo vizazi vya wahitimu wa Mlimani wameipitia, mizizi yake iko katika mjadala ule.

Mapema mwaka 1968 Rodney aliondoka kwenda kufundisha Mona, alikokuwa amesoma. Huko hakukaa hata mwaka mmoja. Baada ya vipindi alishuka kwenye vitongoji vya maskini wa Kingston, akaketi na Marasta na vijana wasio na kazi na kuwafundisha historia ya Afrika. Serikali ya Jamaica haikupendezwa. Oktoba 15, 1968 alipokuwa anarejea kutoka kwenye mkutano wa waandishi weusi Montreal, Canada, alizuiwa kushuka kwenye ndege. Siku iliyofuata wanafunzi waliandamana kuelekea katikati ya jiji, wakazi wa vitongoji wakajiunga nao, na Kingston ikawaka moto. Watu kadhaa walipoteza maisha.

Ndipo Dar es Salaam ikamfungulia mlango kwa mara ya pili, mwaka 1969.

Jiji lenyewe wakati huo lilikuwa darasa. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake hapa, na vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika vilikuwa na ofisi zake mitaani. Februari 3 mwaka huo kiongozi wa Frelimo, Eduardo Mondlane, ambaye naye alikuwa msomi mwenye shahada ya uzamivu, aliuawa jijini kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu.

Mlimani, kundi la wanafunzi waliojiita wanamapinduzi, maarufu kwa kifupi cha USARF, lilikuwa tayari limepamba moto. Lilianzishwa mwaka 1967, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Kundi hilo lilikuwa na madarasa yake ya itikadi siku za Jumapili, nje kabisa ya ratiba ya chuo, na mwaka 1969 lilianza kutoa jarida lililoitwa Cheche. Humo ndimo Issa Shivji, akiwa bado kijana mdogo, alipochapisha uchambuzi wake wa mapambano ya kitabaka ya kimyakimya ndani ya Tanzania. Rodney aliandika humo na alikuwa mwalimu, mshauri na rafiki wa vijana hao.

Desemba 1969 yalimkuta makubwa zaidi. Katika semina ya vijana wa Afrika Mashariki na Kati iliyofanyika Dar es Salaam, alitoa mada iliyozishutumu tawala nyingi za Afrika kuwa zimeurithi ukoloni badala ya kuuondoa, na kwamba zingeng'olewa kwa mapinduzi tu. Gazeti la TANU la Kiingereza, The Nationalist, ambalo mhariri wake alikuwa Benjamin Mkapa, lilimjibu kwa tahariri nzito. Ujumbe wake ulikuwa kwamba Tanzania haitakubali kugeuzwa jukwaa la kuchochea kupinduliwa kwa serikali za majirani. Wengi waliamini kwamba kalamu iliyoiandika ilikuwa ya Nyerere mwenyewe.

Gazeti lilelile likachapisha majibu ya Rodney siku chache baadaye. Akaendelea na vipindi vyake. Hakufukuzwa nchini, hakuwekwa kizuizini, wala mkataba wake haukukatishwa. Kwa mgeni aliyekuwa amekemewa hadharani na chama tawala, katika Afrika ya miaka ile, hilo si jambo dogo.

Uvumilivu huo, hata hivyo, ulikuwa na mpaka. Julai 1, 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikazaliwa kikiwa chuo cha taifa. Rais Nyerere akawa Mkuu wa Chuo. Makamu Mkuu wa kwanza akawa Pius Msekwa, aliyehamishwa moja kwa moja kutoka kwenye ofisi ya mtendaji mkuu wa TANU. Miezi minne baadaye, Novemba, USARF na Cheche vikapigwa marufuku. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba umoja wa vijana wa chama ulitosha, na kwamba hata jina Cheche lilileta picha ya ujamaa ulioazimwa Urusi. Vijana wakaanzisha jarida jingine, Maji Maji, chini ya mwavuli wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakaendelea kuandika.

Mwaka 1971 ikawa zamu ya serikali ya wanafunzi. Rais wake, Mkenya Symonds Akivaga, aliondolewa chuoni baada ya kuukosoa uongozi, na wanafunzi wakagoma. Wahadhiri waligawanyika. Mgogoro wa Akivaga ulionyesha bayana kuwa swali la nani anakiongoza chuo kikuu cha taifa halikumalizwa na sherehe za mwaka 1970.

Katikati ya misukosuko hiyo ndipo Rodney alipoandika kitabu kilichompa jina duniani, How Europe Underdeveloped Africa. Hoja yake inafahamika: umaskini wa Afrika si hali ya asili, bali umetengenezwa, kwa karne tano za biashara ya watumwa na ukoloni, na mikono ileile iliyoutengeneza utajiri wa Ulaya. Wanafunzi wawili wa Mlimani, Karim Hirji na Henry Mapolu, waliusoma mswada na kuukosoa, naye akawashukuru kwa majina katika dibaji. Abdulrahman Babu, wakati huo waziri, aliandika neno la mwisho. Kitabu kilitoka mwaka 1972 kupitia shirika la Tanzania Publishing House na wachapishaji wadogo weusi wa London, Bogle-L'Ouverture.

Profesa wa kawaida wa miaka ile angetafuta mchapishaji mkubwa wa Oxford, na Rodney aliwahi kuchapisha huko tasnifu yake mwaka 1970. Kitabu hiki alikitaka kiwe cha bei ambayo mwalimu wa sekondari angeimudu na lugha ambayo angeielewa. Baadhi ya wanahistoria walikilaumu kwa kujumlisha mno na kwa kukosa tanbihi za kutosha, na lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini vitabu vyenye tanbihi za kutosha kutoka miaka ile vingi vimebaki kwenye maktaba, wakati hiki bado kinachapishwa na kusomwa.

Ndani ya chuo kazi yake ilikuwa ya kila siku na isiyo na kelele. Idara ya Historia, iliyoanzishwa na Terence Ranger na baadaye kuongozwa na Isaria Kimambo, ilikuwa tayari imejipatia sifa kwa kuandika historia ya Waafrika kama watendaji, si watazamaji. Rodney aliisukuma hatua moja mbele kwa kuuliza Waafrika gani, wa tabaka gani, na kwa faida ya nani. Alifundisha historia ya watu weusi wa Amerika. Alifundisha pia Mapinduzi ya Urusi, na maandishi ya mihadhara hiyo ya Mlimani yalihaririwa na kutolewa kama kitabu mwaka 2018. Pamoja na Kapepwa Tambila na Laurent Sago alitafiti maisha ya manamba wa mashamba ya mkonge, kazi iliyochapishwa mwaka 1983, akiwa ameshafariki.

Mwaka 1970 alikwenda Makerere kupambana kwa hoja na Ali Mazrui, msomi wa Mombasa ambaye hakukubaliana naye karibu katika kila jambo. Vyuo hivyo vilikuwa vimetengana kiutawala mwaka uleule, lakini hoja bado zilivuka mpaka bila viza.

Aliitetea pia Tanzania. Katika makala ya mwaka 1972 alijenga hoja kwamba ujamaa wa Nyerere haukupingana na ujamaa wa kisayansi, msimamo uliowaudhi baadhi ya vijana wake wa Mlimani walioona kuwa mwalimu wao amelegeza kamba. Hata hivyo, miaka ilivyosonga alizidi kuona kuwa urasimu unakula mapinduzi. Katika waraka aliouandikia Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika, lililofanyika hapohapo Mlimani, katika Ukumbi wa Nkrumah, Juni 1974, aliwashambulia viongozi waliokuwa wageni rasmi wa mkutano huo.

Kwa nini basi aliondoka? Baadaye alieleza sababu ambayo wageni wachache wangeikiri. Alijua Kiswahili cha kutosha kusalimiana na kufanya shughuli zake, lakini aliona kuwa hakitafika pale ambapo mtu hucheka utani kabla haujaisha na kuelewa fumbo bila kufafanuliwa. Bila kufika hapo, aliamini, mtu anaweza kuwa mwalimu mzuri wa darasani lakini hawezi kuwaongoza watu. Watu alioweza kuzungumza nao kwa kina hicho walikuwa Georgetown. Aliondoka na mkewe na watoto wao watatu, Shaka, Kanini na Asha.

Chuo Kikuu cha Guyana kilianzishwa mwaka 1963 na serikali ya Cheddi Jagan, nacho hakikuwa na majengo. Masomo yalianza jioni katika madarasa ya kuazima ya Queen's College. Burnham, wakati huo mpinzani, alikibeza. Alipoingia madarakani alikikumbatia, na alipoitangaza Guyana kuwa jamhuri ya ushirika mwaka 1970 akataka kiwe chake. Kwa hiyo chuo kilichomkataa Rodney mwaka 1974 kilianzia katika shule aliyosoma yeye mwenyewe.

Wanataaluma wa Guyana na wa nje walipinga uamuzi huo, lakini haukubadilika. Marafiki walitarajia angerudi Afrika au angekwenda Marekani, ambako vyuo vilimtaka. Alibaki. Alisafiri kufundisha kwa muda mfupi nje ya nchi ili familia ipate riziki, kisha alirudi Georgetown na kujifungia kwenye hifadhi ya nyaraka. Matokeo yake yalikuwa historia ya wafanyakazi wa Guyana kati ya mwaka 1881 na 1905, iliyochapishwa mwaka 1981 na kupewa tuzo na Chama cha Wanahistoria wa Marekani. Aliandika pia hadithi za watoto zinazoeleza jinsi mababu wa Waguyana walivyotoka Afrika na India.

Kwa kuwa hakuwa na ukumbi wa mihadhara, alifundisha chini ya nyumba. Nyumba nyingi za pwani ya Guyana hujengwa juu ya nguzo kwa sababu ya mafuriko, na uwazi ulio chini yake huwa mahali pa kupumzikia. Hapo alikutana na wachimbaji wa madini ya aluminiamu, wengi wao wenye asili ya Afrika, na wakata miwa wenye asili ya India. Siasa za nchi hiyo ziliwagawa watu kwa rangi, chama cha Burnham kikiwategemea hawa na cha Jagan wale. Mtu aliyewaketisha pamoja alikuwa tishio kwa wote waliopata kura kwa kuwatenganisha.

Chama alichokiongoza pamoja na wenzake, WPA, kiliundwa mwaka 1974 kama muungano wa vikundi na kikajitangaza kuwa chama cha siasa mwaka 1979. Julai mwaka huo Rodney alikamatwa na kushtakiwa kwa kuchoma moto ofisi za serikali. Aprili 1980, kesi ikiwa bado mahakamani na akiwa amewekewa vikwazo vya kusafiri, alipenya na kwenda kushuhudia uhuru wa Zimbabwe, kisha akarudi.

Usiku wa Juni 13, 1980, akiwa ndani ya gari na mdogo wake Donald jijini Georgetown, alikuwa ameshika chombo ambacho aliambiwa ni simu ya upepo. Kililipuka. Rodney alikufa akiwa na miaka 38, na Donald akajeruhiwa. Aliyewapa chombo hicho, Gregory Smith, alikuwa fundi wa elektroniki aliyewahi kuwa sajini jeshini. Alikimbilia Guiana ya Ufaransa, alikofia mwaka 2002 bila kufikishwa mahakamani.

Iliwachukua Waguyana miaka 34 kupata tume ya uchunguzi. Tume hiyo, iliyoanza kazi mwaka 2014 na kutoa ripoti mwaka 2016, ilihitimisha kuwa Smith alifanya kazi hiyo kwa msaada wa vyombo vya dola na kwamba Burnham, aliyefariki mwaka 1985, alihusika.

Tanzania nayo ilikuwa imebadilika. Hadi mwaka 1984, kitivo cha kilimo cha Morogoro kilipogeuzwa kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine, Mlimani ilibaki kuwa chuo kikuu pekee nchini. Leo vyuo vikuu ni vingi, vya umma na vya binafsi.

Agosti 2021 Bunge la Guyana lilipitisha azimio la kuyakubali matokeo ya tume. Serikali ya nchi hiyo ilikuwa imetangaza kuwa vitabu vya Rodney vitarudishwa shuleni na kaburi lake litatunzwa kama eneo la kumbukumbu ya taifa. Cheti chake cha kifo nacho kikaamriwa kirekebishwe. Sehemu ya chanzo cha kifo, iliyosomeka kuwa ni ajali ya kujitakia, ingeandikwa kuwa ni mauaji. Na sehemu ya kazi ya marehemu, ambayo kwa zaidi ya miaka 40 ilisomeka kwamba hakuwa na ajira, ingeandikwa profesa.